Mashine Kuukuu ya Boti: Kuifunga Upya au Kununua Nyingine? Mwongozo kwa Wenye Boti wa Lamu

Kusi likishika na bahari ya nje ikachafuka, boti nyingi za Lamu hufungwa kamba, na wenyewe huanza kuulizana jambo moja: hii mashine niifumue na kuifunga upya, au nitafute nyingine? Wakati wenyewe ni mzuri. Kati ya Mei na Agosti siku za kazi hupungua, kwa hivyo mashine ikikaa kwa fundi wiki mbili tatu hasara yake si kubwa. Ubaya ni kwamba jibu hutolewa upesi mno. Mwenye boti hutazama miaka ya mashine, au husikiliza neno la fundi wa kwanza aliyeivuta kamba, basi. Wengine humwaga pesa kwenye mashine isiyoweza kufika kaskazi ijayo. Wengine huuza kwa bei ya chuma chakavu mashine iliyobakisha miaka mingi, kisa ni sili moja na kabureta chafu.

Msimamo wangu nautanguliza. Pistoni, ringi, beringi, impela (kigurudumu cha pampu ya maji), sili na gasketi vyote vinauzwa dukani. Kisichouzwa ni mwili wa alumini ulioliwa na chumvi. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mashine kuukuu si kama bado inavuta, ni kama mwili wake ungali mzima. Mashine ambayo pistoni imekwama lakini mwili wake ni mzima ina maisha. Mashine inayowaka kwa mvuto mmoja huku bolti zake zimeota unga mweupe iko ukingoni, hata kama leo asubuhi ilikupeleka Mokowe na kukurudisha.

Ninayoeleza hapa yanahusu zaidi mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli, kama Yamaha Enduro za 15, 40, 60 na 75 ambazo pwani yetu imezizoea. Za mipigo minne nitazigusa kwenye sehemu ya kununua.

Anza na kibati, si spana

Kwenye bano la kufungia mashine tezini, yaani nyuma ya boti, kuna kibati chenye modeli na namba ya mashine. Kisugue taratibu, kipige picha. Ukikuta E40XMHL, E ni Enduro, 40 ni nguvu za farasi, X ni kizazi cha mashine hiyo, M ni ya kuwasha kwa kamba, H ni ya kuendeshwa kwa mkono wa usukani, na L ni mguu mrefu, mguu ukiwa ile sehemu ya chini inayoingia majini na kubeba propela. Yamaha imetoa mashine za 40 zenye silinda mbili na nyingine zenye silinda tatu, na pistoni za hii haziingii ile. Anayetuma pesa Mombasa na kusema tu "nataka pistoni za 40" anacheza bahati nasibu. Ile 40X ina silinda mbili, na namba za spea zake nyingi huanza na 66T. Sema namba hiyo kwa muuzaji, umsikie akiirudia.

Kabla ya kulegeza nati hata moja, pigia simu maduka mawili au matatu. Uliza pistoni na ringi, seti ya gasketi, sili za kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), impela na gia za mguu. Kama mashine yako ni ya chapa ambayo Malindi na Mombasa hazina spea zake, na kila kitu kitaagizwa kutoka nje, jibu limeshaelemea upande wa kununua nyingine. Mashine ya kazi haiwezi kungoja sili ya mguu miezi miwili.

Ondoa kwanza magonjwa ya bei rahisi

Mashine nyingi zinazohukumiwa kufa zinaumwa mafuta tu. Petroli iliyokaa dumuni tangu kaskazi, petroli yenye maji, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa: zote hufanya mashine ikohoe, ipoteze nguvu na kuzima inapobebeshwa mzigo. Mwaga petroli yote, safisha tangi, tia mpya kutoka kituo unachokiamini. Hakikisha tundu la hewa la kifuniko cha tangi liko wazi. Finya kile kipira kilicho kwenye mpira wa petroli: kikikataa kuwa kigumu, huenda kuna mahali hewa inaingia. Safisha kabureta na jeti zake, tia plagi mpya za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kisha ndiyo uihukumu.

Kuna ugonjwa mwingine unaowadanganya hata mafundi: mashine inanguruma kwa nguvu lakini boti haiendi. Ndani ya kitovu cha propela kuna mpira ulioshikilia kitovu na mbawa zake. Mpira huo ukiachia, shafti huzunguka peke yake. Njia ya kuujua haina gharama. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi kikombe cha nje cha propela, uache ukauke, uende safari fupi ukiwa na mzigo. Ukirudi ukakuta mstari umekatika na vipande viwili vimepishana, unahitaji propela au mpira wake, si injini.

Tazama na chini ya boti. Mashua iliyoota chaza na majani miezi minne itaichosha mashine yoyote.

Pima kompresheni

Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, si ghali, na vikundi vya wavuvi vingeweza kununua kimoja cha kutumiana. Kinasema ukweli ambao sikio halisemi.

1. Washa mashine ipate moto kidogo, huku mguu ukiwa ndani ya maji. Zima.
2. Chomoa plagi zote. Zisafishe na uzipange kwa mpangilio wa silinda, maana rangi zake utazihitaji.
3. Toa kamba ya usalama ya kuzimia, na ushikize nyaya za plagi kwenye chuma cha mashine ili cheche isiruke hewani penye mvuke wa petroli.
4. Weka gia nyutro, fungua mafuta hadi pale mkono wa usukani utakaporuhusu.
5. Funga kipimo kwenye silinda ya kwanza, vuta kamba kwa nguvu mpaka mshale usimame, kwa kawaida mivuto mitano hadi minane. Andika. Hamia silinda inayofuata, kwa idadi ile ile ya mivuto.

Kwa jumla, mashine za mipigo miwili zenye afya huwa kati ya PSI 90 na 130, lakini kiwango hutofautiana kwa modeli, kwa kipimo na hata kwa mkono wa mvutaji. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda. Ikipita asilimia 10 hadi 15, ndani kuna jambo. Silinda zote zikiwa chini lakini sawasawa, mashine imechakaa kwa uzee wa kawaida, na huo ndio uchakavu unaotibika vizuri zaidi. Moja ikiwa 115 na nyingine 60, kuna silinda iliyoumia kwa sababu maalumu, na sababu hiyo ni lazima itafutwe.

Kwa silinda iliyo chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, vuta kamba taratibu mara mbili, kisha pima tena. Namba ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, fikiria gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda) au pistoni iliyotoboka.

Fungua mguu

Hii ni kazi ya dakika kumi na watu huisahau. Kwenye mguu kuna skrubu mbili, ya chini ya kumwagia oili na ya juu ya kupitishia hewa. Tega kopo, fungua ya chini kwanza, halafu ya juu. Oili safi au nyeusi kidogo ni sawa. Ikiwa nyeupe ya maziwa, maji ya chumvi yameingia, mara nyingi kupitia sili ya shafti ya propela. Chomoa propela utazame nyuma yake. Kwa mashine za wavuvi mara nyingi utakuta mshipi umejizungusha kwenye shafti, ukakaza, ukakata ile sili. Sili ni ya bei ndogo. Lakini kama mashine imetembea hivyo msimu mzima, beringi na gia zimeshashika kutu.

Ingiza kidole kwenye oili hiyo na ukisugue na kidole gumba. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa mashine kongwe. Ukihisi punje, au ukiona vipande vinavyong'aa, gia zimeanza kuvunjika. Mguu kamili ni sehemu ghali, kwa hivyo uandike kwenye hesabu sasa, usije ukagundua baada ya kulipia pistoni. Oili mpya hujazwa kupitia tundu la chini kupanda juu, mpaka itokee kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Chumvi: hapa ndipo uamuzi ulipo

Hapa usiharakishe, tenga asubuhi nzima. Vua kofia ya mashine, ioshe kwa maji matamu na sabuni, iache ikauke, halafu chukua tochi na bisibisi butu.

Kagua kwanza sehemu tatu za nje. Anza na mabano ya tezini na bomba ambalo mashine hugeukia. Mashine ikikataa kugeuka au kuinuliwa, chumvi imejaa humo, ingawa grisi na uvumilivu huweza kuifungua. Nenda kwenye mguu, kuzunguka tundu za kuvutia maji na nyuma ya propela, ukwaruze palipovimba rangi. Alumini nzima itang'aa chini ya bisibisi. Alumini iliyokufa itatoka unga mweupe, na ncha itazama. Kisha tazama mshono ambapo injini inakalia shingo ya mashine. Unga mweupe ukitokeza kwenye mshono huo wote, jua kwamba bolti za pale zitakatika siku ya kufunguliwa.

Angalia na zinki, kile kipande cha madini kilichofungwa kwenye mguu na kwenye mabano ili kiliwe badala ya mashine. Zinki iliyolika nusu imefanya kazi yake. Zinki ya miaka mingi iliyobaki nzima ni dalili mbaya: labda ilipakwa rangi, labda haigusi chuma sawasawa, na muda wote huo kilicholiwa ni mwili wa mashine. Zinki haipakwi rangi hata kidogo.

Sasa ndani. Mwombe fundi afungue kifuniko cha themostati, na kama bolti zinakubali, hedi pia. Kwenye mashine isiyowahi kuoshwa kwa maji matamu, njia ya maji yenye upana wa kidole utaikuta imebaki tundu la kupitisha njiti ya kiberiti tu. Chumvi imeganda pande zote, nyeupe, imechanganyika na mchanga laini wa mafungu ya Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na ukiigonga na bisibisi inalia kama kigae. Mashine hiyo inaweza kuwa ingali inakojoa maji vizuri kando, ndiyo maana mwenyewe hakushtuka. Maji ya kukojoa hupita kwenye njia yake ndogo. Hayathibitishi kwamba kuta za silinda zinapata ubaridi.

Chumvi iliyoganda peke yake si hukumu ya kifo. Hutolewa kwa kukwaruza kwa mti mgumu na kuloweka siki nyeupe usiku mmoja, kisha kusuuza kwa maji mengi matamu. Cha kutazama ni kilicho chini yake baada ya kusafisha. Pitisha kidole kwenye uso ambapo gasketi inakaa. Ukiwa laini, au una alama zinazoweza kusawazishwa kwa msasa juu ya kioo, mashine ina maisha. Ukikuta mashimo yanayotoka kwenye njia ya maji kuelekea tundu la silinda au njia ya moshi, na ukuta kati yake umebaki mwembamba, acha. Gundi za chuma watu huzipaka hapo, na kwa muda hushika. Mimi sitaki mtu abebe abiria kwa mashine ya namna hiyo.

Bolti zina hesabu yake. Moja au mbili zikikatika, fundi mzuri atazitoboa na kutia nyuzi mpya za chuma. Zikikatika sita kwenye kifuniko cha moshi, gharama ya kuzitoa tu inaanza kukaribia thamani ya mashine, na kila tundu linalotobolewa linaupunguza mwili huo huo uliokwisha kudhoofika.

Kuna watu wa Lamu wenye mashine kongwe sana ambazo ndani zingali safi. Siri yao ni pipa. Maji matamu ya mji hutoka visima vya Shela na si ya kumwaga ovyo, lakini pipa nusu linatosha kuosha mashine kila jioni, na maji yale hutumika tena siku mbili tatu kabla hayajawa machungu. Hata maji ya kisima yenye chumvichumvi ni bora kuliko kuiacha na maji ya bahari tumboni.

Kranki, na mashine iliyowahi kuzama

Plagi zikiwa zimetolewa, zungusha gurudumu la juu kwa mkono, taratibu. Lizunguke laini. Ukihisi kukwaruza, au pistoni ikifika juu ukasikia kutikisika unapolirudisha nyuma kidogo na kulipeleka mbele, beringi za konrodi zimelika. Kranki za mashine hizi zimeshindiliwa kwa presi na hutaka fundi mwenye presi na kipimo cha kunyosha. Kwa wengi ni afadhali kununua kranki kamili, na hiyo ni moja ya sehemu ghali mno ndani ya mashine.

Muulize mwenye kuiuza, au ujiulize mwenyewe, kama mashine iliwahi kuzama, na ilikaa muda gani kabla ya kuoshwa. Iliyotolewa majini, ikasuuzwa kwa maji matamu, ikamiminiwa oili kwenye silinda na kuwashwa siku ile ile, mara nyingi huwa haina neno. Iliyotolewa majini ikalazwa kwenye uga siku nne, beringi zake zimeota vitundu vya kutu. Itawaka, itatembea, kisha itakata njiani.

Hesabu

Sasa una karatasi yenye majibu. Chukua bei ya mashine mpya ya nguvu ile ile uliyopewa na duka leo, uiite 100, halafu kila gharama uiandike kama sehemu ya hiyo 100. Kwa njia hii bei zikipanda hesabu yako haiharibiki.

Mwambie fundi wako kwa heshima lakini bila kuyumba: "Fundi, naomba kwanza orodha ya kila kitu na bei yake, kazi tutaanza baadaye." Orodha iwe na pistoni, ringi, pini na beringi zake, seti kamili ya gasketi, sili zote za kranki, impela na nyumba yake, themostati, plagi, vifaa vya kabureta, kuchonga silinda, sili za mguu, kazi ya fundi, na nauli ya mzigo kuvuka Mokowe hadi Malindi au Mombasa na kurudi. Ongeza moja juu ya tano ya jumla, kwa sababu mashine iliyofunguliwa daima hutoa jambo ambalo halikuonekana.

Kanuni inayotumiwa na mafundi wa nchi nyingi ni kwamba matengenezo yakipita nusu ya bei ya mashine mpya, nunua. Ni kanuni nzuri ya kuanzia, lakini hapa kwetu haitoshi, kwa hivyo nenda hatua moja mbele na ugawanye kwa miaka. Tuseme kufunga upya ni 40, na kwa hali ya mwili wake unatarajia miaka minne: ni 10 kwa mwaka. Mpya ni 100, na kwa kuoshwa vizuri unatarajia miaka minane: ni 12 na nusu kwa mwaka. Hapo kufunga upya kunashinda. Lakini mwili ukiwa umeliwa na unatarajia miaka miwili tu, ile 40 inakuwa 20 kwa mwaka, na mpya inashinda wazi. Idadi ya miaka uliyotia kwenye hesabu hii inatoka kwenye alumini, ndiyo maana nilikuambia usiharakishe pale.

Tia pia siku zilizopotea. Kwa boti ya kuvua ambayo mashine ina fungu lake katika mgao wa samaki, fungu hilo la siku moja ndilo kipimo: zidisha kwa siku ambazo mashine itakuwa imelala. Wakati wa kusi ni kidogo. Mnamo Januari ni pesa nzito, na wageni wa Shela nao hawangoji.

Kama pesa ya mpya haipo na mkopo una riba kali, kufunga upya kwa miaka miwili huku unaweka akiba kila wiki ni uamuzi wa busara kabisa, mradi mwili unakubali. Kama mwili haukubali, usidanganywe na ukosefu wa pesa. Utatumia pesa mara mbili.

Boti inakwenda wapi, na inabeba nani

Mashine ile ile inaweza kustahili kufungwa upya kwa mtu mmoja na isistahili kwa mwingine. Anayevuka Lamu na Mokowe, au anayetega ndani ya mikoko ya Manda, mashine ikizima atatia nanga, atasubiri, atavutwa. Anayepeleka abiria Faza na Kizingitini, anayevua nje ya miamba Kiunga, au anayepita mlango wa Shela kusi likivuma na maji yakitoka, hana nafasi hiyo. Boti za abiria hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, lakini mkaguzi hafungui hedi ya mashine. Wewe ndiye unayejua yaliyomo ndani. Kwa njia hizo za nje, mashine yenye shaka kwenye mwili au kwenye kranki ishushwe ifanye kazi za ndani, au iwe ya akiba, na ya safari inunuliwe.

Ukiamua kununua

Kwanza mguu. Mfupi ni wa tezi ya inchi 15 hivi, mrefu ni wa inchi 20. Ukikosea, propela itavuta hewa au mashine itaburuta boti. Penye maji machache, mguu usiofaa utaulipia kwa propela na impela.

Halafu mipigo miwili au minne. Mashine ya mipigo miwili yenye kabureta hupitisha sehemu ya petroli kwenye moshi bila kuungua, kiasi cha robo katika hali nyingine. Ile ya 40 ikifunguliwa yote hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Ya mipigo minne hula pungufu, na haichanganyi oili. Fanya hesabu yako mwenyewe: ukiokoa lita 4 kwa saa, ukiendesha saa 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni lita 320 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya kituo chako. Kwa boti ya abiria inayokwenda kila siku, tofauti ya bei hurudi upesi. Kwa mvuvi anayewasha mashine kutoka na kurudi tu, huku katikati akitumia tanga, inaweza isirudi kamwe.

Mipigo minne ina mambo yake. Ile ya 40 ya mipigo miwili ina kilo 70 hivi, ya mipigo minne hupita 90, na tezi ya mashua nyepesi itazama. Hutaka oili ibadilishwe kwa wakati, na ikizama majini kuirudisha ni kazi kubwa zaidi. Uliza kwanza kama kuna fundi Lamu anayeijua modeli hiyo. Fundi aliye Mombasa hakusaidii ukiwa Ndau.

Ukinunua ya mtumba, ipime kwa hatua zote zilizo juu, bila haya. Muuzaji anayekataa kipimo cha kompresheni amekujibu. Rangi mpya juu ya bolti kuukuu ni ya kukwaruzwa. Usikubali kuisikiliza ndani ya pipa tu. Ifunge kwenye boti, ibebeshe mzigo, iende nusu saa. Namba ya kwenye kibati ilingane na ya kwenye risiti, na mauzo yaandikwe kwa jina lako, kwa sababu mashine za wizi zipo na zitakupeleka kituoni. Ile ya zamani usiitupe kama ni ya modeli hiyo hiyo: mguu, kabureta na koili zake ni spea za miaka mingi. Zitie grisi, zifunge kwenye gunia kavu.

Ukiamua kufunga upya

Kabla ya kuchonga silinda, soma pistoni iliyokufa. Mikwaruzo upande wa moshi peke yake huonyesha petroli chache au oili chache. Mikwaruzo kuzunguka pande zote huonyesha joto, yaani maji hayakupita. Tundu katikati ya kichwa cha pistoni ni moto uliopita kiasi. Kwa mashine yenye kabureta kwa kila silinda, pistoni moja ikiungua na nyingine zikawa nzima, kabureta ya silinda hiyo ndiyo ya kukamatwa. Ukifunga pistoni mpya bila kuondoa sababu, utazifungua tena mwaka huo huo.

Pistoni za kupanua huja kwa ukubwa wa milimita 0.25 na 0.50 zaidi ya ya kawaida. Nunua pistoni kwanza, zipeleke kwa mwenye mashine ya kuchonga ili apime silinda kwa pistoni hizo hasa. Kama silinda imeshafika 0.50 na bado ina mikwaruzo, itahitaji kutiwa slivu mpya, yaani bomba la chuma ndani ya silinda, na gharama hiyo irudishe kwenye hesabu. Usibakize sili za zamani za kranki kwa kubana matumizi: zikivuja hewa, mchanganyiko hupungua petroli na pistoni mpya huungua.

Bolti zote zipakwe grisi ya bahari, zikazwe kwa spana ya kipimo, kuanzia katikati kwenda nje. Tia zinki mpya, impela mpya, themostati mpya.

Oili iwe na maandishi TC-W3 kwenye chupa. Oili ya pikipiki na ya msumeno ni ya injini za kupozwa na hewa, si hizi. Kwa mashine nyingi za Yamaha za mipigo miwili, saa 10 za mwanzo hutumia sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli, yaani lita moja kwenye tangi la lita 25. Baadaye huwa nusu lita kwa tangi hilo hilo, lakini kitabu cha modeli yako ndicho cha kufuatwa. Saa ya kwanza iende polepole bila mzigo, ya pili nusu mafuta, na zilizobaki ubadilishe mwendo mara kwa mara bila kuikamia mpaka mwisho. Fanya safari hizo ndani ya mkondo kati ya Lamu na Manda, ukiwa na makasia na simu.

Zikitimia saa 10, pima kompresheni tena. Andika namba ya kila silinda pamoja na tarehe kwa kalamu isiyofutika, upande wa ndani wa kofia ya mashine. Kila kusi upime tena na uandike chini yake.